Mawe Yasiyoiva: Miaka Ishirini na Saba ya Bi Sharifo Kerrow

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi Sharifo Kerrow Adow, Mtunza Visukuku wa Chama cha Jiolojia cha Kaskazini Mashariki, anastaafu baada ya kukitumikia chama hiki kwa miaka ishirini na saba kamili. Alianza kazi tarehe 1 Julai 1998, wakati chama kilipokuwa na chumba kimoja cha kukodi mtaani Iftin, hapa Garissa, kabati mbili, na wanachama kumi na wanne, wengi wao walimu na maofisa wa maji waliotoka bara. Leo anaacha ghala lenye visukuku elfu tatu mia sita na kumi na viwili, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vyote vimesafishwa, vimepewa nambari na kuandikwa kwa mkono wake.

Kamati imeniomba mimi, Kathure Koome, niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko mwanachama mwingine yeyote aliye hai. Nilikubali upesi, kisha nikakaa wiki mbili bila kuandika neno. Bi Sharifo aliingia katika chama hiki kwa sababu ya kosa langu, na sijui namna ya kusimulia kazi yake bila kuanzia hapo. Nilimwendea nikamuuliza kama nilitaje au nilipite.

"Andika yote," alinijibu. "Rejista hairuki mstari."

Alizaliwa mwaka 1965 karibu na kilima cha Dagah Adde, kati ya El Wak na Rhamu, katika familia ya wafugaji wa ngamia na mbuzi. Ukame wa mwaka 1992 ulimaliza mifugo yao, na mwaka huo huo akafiwa na mumewe. Alibaki na binti mmoja mdogo, Nurto, ambaye jina lake ndilo tulilomwitia mama yake hapa ofisini miaka yote hii. Mama Nurto akajiunga na wanawake kumi waliokuwa wakichoma chokaa chini ya kilima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mawe hukatwa kilimani kwa nyundo na mtaimbo, hupangwa ndani ya tanuri la udongo juu ya kuni za mgunga, kisha huchomwa kwa siku mbili mfululizo. Yakipoa hunyunyiziwa maji, nayo hupasuka na kuporomoka kuwa unga mweupe, chokaa ya kupaka nyumba za Wajir na Mandera. Lakini katika kila tanuri palitokea mawe machache mazito, ya rangi ya kahawia, ambayo moto haukuyaweza. Ukiyamwagia maji yalibaki vile vile. Wanawake waliyaita mawe yasiyoiva, wakayatupa nyuma ya tanuri kama mama zao na bibi zao walivyoyatupa.

Bi Sharifo aliyachukia kuliko wenzake wote, maana kipande kimoja kikichanganyika na chokaa hukwaruza ukuta, na mnunuzi hurudi na maneno. Kwa hiyo alijifunza kuyatambua kabla ya moto. Aliyapima mkononi. Aliyakwaruza kwa msumari akatazama rangi ya unga. Akiwa bado na shaka, aliyagusa kwa ulimi: jiwe la kawaida huuachia ulimi, lile lisiloiva huung'ang'ania. Hakuna aliyemfundisha haya. Mimi niliyasoma chuoni miaka minne, na bado sikuwa nimewahi kuweka jiwe mdomoni.

Mwezi wa Februari 1998 chama kilifanya safari ya uwandani kwenda Dagah Adde. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimepangiwa kazi Garissa miezi mitano tu, na ilikuwa safari yangu ya kwanza kaskazini ya Wajir. Katika lundo la mawe yaliyosubiri kuchomwa niliona amonaiti, wale viumbe wa bahari ya kale waliojikunja kama pembe za kondoo dume. Nilihesabu tisa. Kando yake tanuri lilikuwa linafuka moshi. Nilihisi kama mtu anayeona maktaba ikiungua.

Niliporudi Garissa niliandika barua kwa ofisi husika nikiomba kazi ya chokaa isimamishwe mara moja. Wanawake wale niliwaita waharibifu wa urithi wa taifa. Sikuwa nimemsalimu hata mmoja wao, wala sikujua jina la yeyote. Wiki tatu baadaye watu walitumwa, wakalibomoa tanuri likiwa na mawe ndani, wakachukua nyundo na mitaimbo, wakaondoka.

Mwezi wa Aprili tulikuwa ofisini, mimi na mwenyekiti wetu, marehemu Mwalimu Elkanah Mutuku, aliyekuwa akifundisha jiografia hapa mjini. Mvua kubwa za msimu ule zilikuwa zimekata barabara kila mahali. Mwanamke mmoja mrefu, amejitanda buibui lenye vumbi, aliingia akiburuta gunia. Alikuwa amesafiri siku nne juu ya lori la mbuzi.

"Nani hapa ni mkubwa ya mawe?" aliuliza.

Mwalimu Mutuku akasimama na kusema ni yeye. Mwanamke yule aliinua gunia kwa mikono miwili akalimwaga juu ya meza, juu ya karatasi zetu na vikombe vyetu vya chai. Vikatoka vipande saba vya kahawia, kila kimoja kama ukubwa wa bakuli ndogo, kimebonyea pande zote mbili.

"Hii ndio munatafuta?"

Mwalimu alikiinua kimoja, akakigeuza, kisha akakaa polepole. Zilikuwa pingili za uti wa mgongo wa mtambaazi wa baharini, mnyama ambaye hakuna mmoja wetu aliyewahi kuota kwamba angepatikana katika kilima kile.

"Mama, umejuaje kwamba ni mifupa?"

"Mimi nimechinja ngamia tangu msichana. Hii ni mgongo. Mgongo ya mnyama gani, hiyo sijui."

"Umezitoa wapi?"

"Kwanza wewe niambie. Tanuri yangu nani alivunja?"

Nilitazama viatu vyangu. Mwalimu Mutuku hakunitazama hata kidogo. Alimwambia, "Chama hiki ndicho kilichoomba, na mimi ndiye mwenyekiti. Lawama nipe mimi."

Mwanamke yule alimkazia macho. Kisha akasema yako mengine mengi, lundo zima kama nyumba, lakini hataonyesha mtu lilipo. "Sisi wanawake kumi na moja hatuna kazi. Watoto watakula nini, mzee? Watakula hii mifupa? Rudisha tanuri, mimi nitaonyesha."

Alipotoka nje kutafuta maji ya kunawa, nilimwambia Mwalimu kwamba tukikubali, kilima chote kitaishia tanurini. Mwalimu Mutuku alikuwa mtu mpole, nami sikumsikia akipandisha sauti kabla ya siku ile. "Kathure, mifupa hii imefika mezani kwetu kwa sababu mama huyu alijua kwamba si mawe. Sisi tulipita juu yake na vitabu vyetu mfukoni."

Barua iliondolewa. Ilichukua miezi miwili ya kwenda na kurudi, na Mwalimu aliitumia likizo yake yote ya Aprili katika kazi hiyo. Mwishowe yakapatikana makubaliano: wanawake wajenge tanuri jipya upande wa kusini wa kilima, ambako mawe ni matupu, na kila lundo likaguliwe kabla ya kuwashwa moto. Mkaguzi awe Sharifo Kerrow. Chama kilimwajiri kwa majaribio ya miezi mitatu, na kamati haijakumbuka kukaa tena kujadili kama amefaulu.

Ndipo akatuonyesha lile lundo. Lilikuwa nyuma ya tanuri la zamani, limeota nyasi, nasi tulikuwa tumeegesha gari juu ya ukingo wake mwezi wa Februari. Vizazi vitatu vya wanawake vilikuwa vimetupa hapo kila kitu ambacho moto ulishindwa kukigeuza chokaa, na kila kilichokuwa mfupa kilikataa kuwa chokaa. Hatujawahi kupata hazina nyingine kama ile. Tuliichambua kwa miaka sita.

Alipokwisha kumfundisha mwenzake mmoja ukaguzi wa kilimani, alihamia Garissa. Hapa ofisini alianza kwa tindo, brashi na gundi, akiwa na mikono iliyozoea mtaimbo. Siku ya kwanza alivunja kisukuku kimoja. Hakuvunja kingine. Pingili zilipofika ishirini na kuendelea, swali likawa ni ipi inatangulia ipi. Bi Sharifo alikwenda buchani, akaomba uti mzima wa mgongo wa ngamia, akauchemsha nyumbani kwake, akautunga kwenye waya na kuuning'iniza barazani kwetu ili alinganishe. Kwa mwezi mzima paka wote wa Iftin walifanya mkutano chini ya baraza lile. Mtaalamu aliyekuja kutoka Nairobi alikaa siku mbili akipinga mpangilio wake, siku ya tatu akaukubali, isipokuwa pingili mbili, na mbili hizo wanabishania mpaka leo kwa simu.

Alikuja hajui kusoma. Herufi alifundishwa na Mwalimu Mutuku kwa kutumia lebo za visukuku, kwa hiyo neno la kwanza aliloweza kulisoma maishani lilikuwa "amonaiti". Alipoanza kuandika rejista mwenyewe aliandika kama anavyotamka, na pingili zikawa "bingili", visukuku vikawa "fisukuku". Chuo kikuu kimoja kiliwahi kutuandikia rasmi kuuliza bingili ni madini ya aina gani. Tulijibu kwa heshima. Hatukuzirekebisha kurasa hizo, na leo vijana wetu wote husema bingili bila kujua neno lilivyoanza.

Mwalimu alimfundisha jambo jingine ambalo lilikuja kuwa na uzito kuliko tulivyodhani. Alimwambia kwamba kisukuku kisicho na jina la aliyekiokota kimepoteza nusu ya thamani yake. Bi Sharifo alilichukua neno hilo kama amri. Alirudi Dagah Adde, akakaa na wenzake mmoja mmoja, akawauliza nani alitupa jiwe lipi, mwaka gani, tanuri la ngapi. Kila jina likaandikwa. Hata waliokuwa wamekwisha kuhama aliwaandika kwa ushahidi wa waliobaki.

Shuleni alipendwa sana. Alipanda malori ya maji hadi Dadaab na kambi ya wakimbizi ya Ifo akiwa na sanduku la bati lenye mawe, akawaonyesha watoto kwamba ardhi waliyokalia ilikuwa chini ya bahari. Mzee mmoja alimuuliza kwa ukali kama kufukua mifupa ya namna hii ni halali. Alimjibu kwamba aliyeiweka pale ni Mwenyezi Mungu, yeye anaipanguza vumbi tu. Wakawa marafiki. Tatizo pekee lilitokea pale muuguzi wa zahanati moja alipowakuta watoto arobaini wakilamba mfupa mmoja kwa zamu. Jaribio la ulimi lilipigwa marufuku, na Mama Nurto akalipokea katazo hilo kwa masikitiko ya kitaalamu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito.

Mwalimu Mutuku alirudi kwao Machakos mwaka 2003 na akafariki mwaka uliofuata. Mwaka 2006 chama kilimwomba Bi Sharifo apange mafaili ya zamani. Asubuhi moja nilikuwa nachora ramani karibu na dirisha, naye alikuwa ameketi sakafuni kati ya makaratasi, akisoma kwa sauti kama ilivyokuwa kawaida yake, kidole chini ya mstari.

"Wa-ha-ri-bi-fu," alisoma. Kidole kikasimama. "Kathure, waharibifu ni nani?"

Niliijua barua kabla sijageuka.

"Ni watu wanaoharibu."

"Hiyo najua. Hapa ni nani?"

"Ni ninyi, Mama Nurto."

Akaendelea kusoma. Hakuacha neno. Alifika kwenye sahihi, akalisoma jina langu lote, kisha akaiweka karatasi juu ya goti lake.

"Mwalimu alisema ni yeye."

"Alinifunika."

"Miaka nane," alisema. "Miaka nane mimi nakunywa chai na wewe."

Nilimwomba radhi. Nilisema mengi, kwamba nilikuwa mdogo, mgeni, kwamba niliona moshi nikaogopa. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama nilikuwa namkumbuka Weris. Sikumkumbuka. Sikuwahi kumjua.

Weris Noordin alikuwa mwenzake wa tanuri, walikata mawe bega kwa bega kwa miaka mitano. Tanuri lilipobomolewa alivumilia wiki tatu. Halafu akambeba mgongoni mtoto wake wa miaka miwili, akaenda Ifo, akajiandikisha kama mkimbizi ili apate mgao wa chakula. Makubaliano yetu yalipofikiwa, alikuwa tayari na kadi ya kambi. Miaka ilipopita akataka kurudi nyumbani na kuchukua kitambulisho cha Kenya, akaambiwa jina lake limo katika orodha ya wageni. Mwanamke aliyezaliwa kilomita tatu kutoka Dagah Adde hakuwa tena mwananchi mahali popote. Bila kitambulisho alizuiwa kwenye kila kizuizi cha barabarani, na mwanawe aliandikishwa vile vile.

"Weris ndio iliharibika," Bi Sharifo aliniambia. Akachukua shela yake akaenda nyumbani.

Hakuja kazini siku tatu. Katika miaka ishirini na saba, hizo ndizo siku pekee alizokosa bila ruhusa. Siku ya nne aliingia saa mbili kamili, akafungua rejista, akaipa ile barua nambari. Mstari upo, kila mwanachama anaweza kuuona: DA/412, barua, imeandikwa na Kathure, inahusu tanuri. Nilimuuliza kwa nini.

"Kila kitu ya ule kilima inaandikwa. Hii pia ni ya kule." Akafunga daftari. "Sasa wewe utanisaidia na Weris."

Hakusema amenisamehe. Alinipa kazi, nami nikaishika.

Ilituchukua miaka kumi na sita. Tulikwenda ofisi baada ya ofisi, El Wak, Mandera, Garissa, Nairobi. Tulipeleka wazee, tulipeleka viapo. Mara nyingi faili lilipotea tukaanza upya. Kilichosaidia mwishowe ni rejista. Mwaka 2022 Bi Sharifo alisimama mbele ya jopo la uhakiki akaweka mezani madaftari mawili ya visukuku, akawaonyesha kurasa za mwaka 1999: bingili ya tisa, aliyeitoa tanurini Weris Noordin, Dagah Adde, mwaka 1994. Bingili ya kumi na nne, Weris Noordin, 1995. Jina lake lilitokea mara ishirini na tatu, limeandikwa miaka mingi kabla mtu yeyote hajafikiria kulitumia kwa kesi. Mwenyekiti wa jopo alizipitia zote kwa kidole. Aliuliza bingili ni nini. Akaelezwa, akacheka kidogo, akaandika kwenye karatasi yake.

Weris alipata kitambulisho mwezi wa Novemba mwaka huo, na mwanawe akapata wiki iliyofuata. Nilikuwepo. Weris alikishika kile kipande cha plastiki, akakigeuza nyuma na mbele, akamuuliza Bi Sharifo kwa Kisomali kama picha ile kweli ni yake, maana anaonekana mzee. Bi Sharifo alimjibu, nao wakacheka mpaka wakalia. Sikuuliza alimjibu nini. Nje ya ofisi Weris alinipa mkono. Alikuwa anajua mimi ni nani.

Katikati ya miaka hiyo ulikuja mwaka 2015. Msiba ulioupata mji wetu, lile shambulio la chuo kikuu, kila mmoja anaukumbuka, na sitausimulia hapa. Watumishi wengi wa bara waliomba uhamisho, walimu kwa maofisa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilirudi Meru. Mkutano wa chama haukufanyika kwa miaka miwili. Niliporejea mwaka 2017 nilitarajia kukuta kufuli yenye kutu. Nilikuta mlango wazi, sakafu imefagiliwa, na rejista juu ya meza. Alikuwa amefungua ofisi kila siku ya kazi, bila kuagizwa na mtu. Nilisoma kurasa zile nikiwa nimesimama.

"Leo hakuna mtu. Nimepanguza 1 mpaka 40."

"Leo hakuna mtu. Mvua."

"Leo wanafunzi saba. Shule yao walimu hakuna. Nimefundisha bahari."

"Leo wanafunzi kumi na tisa."

"Leo hakuna mtu."

Nilipomaliza alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniambia pingili ya thelathini imepata ufa, na kwamba gundi imekwisha. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Chama kilipata ukumbi wake mdogo wa maonyesho mwaka 2020. Wataalamu waliokuja kutusaidia kuupanga walishauri kwamba pingili thelathini na moja tulizonazo zikamilishwe kwa plasta, ili mnyama aonekane mzima kutoka shingo hadi mkia. Michoro ilikuwa mizuri na kamati ilikwisha kukubali. Bi Sharifo, ambaye alikuwa hajawahi kuomba nafasi ya kusema mkutanoni, aliinua mkono.

"Zile zingine zilipotea," alisema. "Zingine mimi mwenyewe nilivunja na mtaimbo kabla ya kujua. Mukiweka plasta, mtu atafikiri hakuna kitu ilipotea. Wacha nafasi."

Nafasi zimeachwa. Ziko kumi na tisa. Wageni huuliza kuzihusu kuliko wanavyouliza kuhusu mifupa yenyewe, na jibu lake huwafikisha moja kwa moja kwenye jambo ambalo chama hiki kipo kwa ajili yake.

Mafanikio yake mengine nitayataja kwa kifupi kwa sababu hapendi yatajwe. Amefundisha vijana thelathini na wanane kusafisha visukuku. Amewashawishi wachoma chokaa wa vilima vingine vinne kuweka mkaguzi wao wenyewe, na wakaguzi wote ni wanawake. Tanuri la kusini la Dagah Adde bado linafanya kazi. Katika miaka ishirini na saba hakuna kisukuku hata kimoja kilichotoka ghalani bila kurudi, ingawa amewahi kumfuata profesa mmoja hadi uwanja wa ndege kwa ajili ya jino.

Kuanzia kesho ufunguo wa ghala utakuwa na Bi Bishara, msaidizi wake tangu 2023. Wengi wenu mnamfahamu kwa utulivu wake. Wachache wanajua kwamba yeye ndiye yule mtoto wa miaka miwili aliyebebwa hadi Ifo mgongoni mwa mama yake, Weris. Alikulia kambini, akasoma kambini, na asingeweza kuajiriwa na chama chochote nchini humu kabla ya kile kitambulisho cha Novemba 2022. Makabidhiano yao yalichukua siku tisa. Mimi nilipendekeza wahesabu kutoka kwenye orodha na kumaliza kwa siku moja, Mama Nurto akanitazama kama nilivyostahili kutazamwa. Kila kisukuku kilitoka kwenye kasha lake, kikapita kutoka mkono wake hadi mkono wa Bishara, kikatajwa kwa jina la aliyekiokota, kikarudishwa. Siku ya tisa jioni, katika makasha ya Dagah Adde waliyoyaacha mwisho, walifika kwenye DA/412. Bishara aliisoma barua yangu yote kimya kimya. Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha yake, akaniuliza kama chai imebaki.

Mama Nurto, Jumatano utapanda basi kwenda Rhamu, kwa binti yako Nurto na wajukuu wanne ambao wanakujua zaidi kwa simu kuliko kwa macho. Wamekujengea chumba, na tumeambiwa ukuta wake umepakwa chokaa. Tunajua utaukwaruza kwa kucha kabla hujaweka mzigo chini. Chama hiki kinakushukuru kwa kila siku, pamoja na zile ambazo hakuna mtu aliyekuja. Mungu akupe afya, macho ya kuendelea kusoma, na miaka mingi ya kunywa chai iliyopikwa na wengine. Nenda salama, walaal, dada yetu.